TLD na kidonge cha kiungulia: kwa nini visipande gari moja

Tuseme ni saa tatu usiku, Chalinze. Pale njia panda ambapo barabara ya kutoka Dar inagawanyika, moja inanyoosha Morogoro, nyingine inakata kulia kwenda Segera, Tanga na Arusha. Dereva wa lori ameegesha. Amekula chipsi na mishikaki, pilipili ya kutosha, kisha amemeza kidonge chake cha TLD kama anavyofanya kila siku muda huo. Robo saa baadaye kifua kinawaka moto. Anavuka barabara mpaka duka la dawa, ananunua vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kutuliza kiungulia. Anatafuna viwili, anapanda lori, anaondoka.

Kwa jinsi anavyoona yeye, hajakosea kitu. Dozi kameza, muda kazingatia. Lakini sehemu kubwa ya dawa aliyomeza inaweza isifike kwenye damu usiku huo. Itanaswa tumboni na itatoka na choo.

Hiki ndicho wataalamu wanakiita mwingiliano wa dawa: dawa moja kubadilisha kazi ya nyingine, ama kwa kuipunguza au kuizidisha. Leo tuongelee miingiliano ya kidonge ambacho watu wengi sana nchini wanakimeza kila siku, na wengi wao wanakimeza kwa siri.

TLD ni nini hasa?

Ni kidonge kimoja chenye dawa tatu za kufubaza makali ya VVU: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Herufi hizo tatu ndizo zimezaa jina. Matibabu ya ARV yalianza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004, na TLD ikaingia mwaka 2019 kuchukua nafasi ya mchanganyiko wa zamani uliokuwa na efavirenzi, ile dawa ambayo watu wengi waliilalamikia kwa kizunguzungu na ndoto za ajabu. Bei nayo ilisaidia. Septemba 2017 yalitangazwa makubaliano ya kimataifa ya kuuza TLD kwa nchi zetu kwa takribani dola 75 kwa mtu mmoja kwa mwaka.

Ni dawa nzuri. Inashusha virusi haraka, ni kidonge kimoja kwa siku, na virusi hupata shida kuizoea. Ukilinganisha na dawa nyingine za VVU, haina ugomvi na vitu vingi. Vichache inavyogombana navyo, sasa, vingi ni vitu ambavyo mtu wa kawaida hata haviiti dawa.

Ukucha unaoshika madini

Ili kuelewa, inabidi tujue dolutegraviri inafanyaje kazi.

VVU kikiingia kwenye seli, kinahitaji kushona vinasaba vyake ndani ya vinasaba vyetu. Fundi wa kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho integrasi. Fundi huyu hafanyi kazi mikono mitupu. Katikati yake, pale penye kazi yenyewe, kuna chembe mbili za magnesiamu, na bila hizo hashoni kitu. Dolutegraviri imeundwa na sehemu inayofanana na ukucha. Inaingia pale, inazikamata zile chembe mbili, inang'ang'ana. Fundi anabaki amesimama.

Sasa jiulize, vile vidonge vya kiungulia vina nini? Vingi vina magnesiamu, aluminiamu, au vyote viwili. Dolutegraviri ikikutana na madini hayo tumboni, ukucha haujui kwamba hapo si kwenye kirusi. Unayakamata hapo hapo. Dawa na madini vinakuwa fundo moja ambalo ukuta wa utumbo hauwezi kulipitisha. Yaani kitu kile kile kinachoipa dawa nguvu yake ndicho kinachoifunga.

Na si kidogo. Watafiti waliwapa watu wenye afya dolutegraviri pamoja na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu na aluminiamu kwa wakati mmoja. Kiasi cha dolutegraviri kilichopatikana kwenye damu kilishuka kwa asilimia 74. Robo tatu ya dozi, imekwenda. Walipotanguliza dolutegraviri na kusubiri saa mbili kabla ya kutoa dawa ya kiungulia, upungufu ulibaki asilimia 26.

Kanuni ikatoka hapo: TLD imezwe saa mbili kabla ya dawa ya kiungulia yenye madini haya, au saa sita baada yake. Dereva wetu aliyemeza TLD saa tatu usiku angevumilia hadi saa tano. Na kama angeanza na kidonge cha kiungulia saa moja usiku, basi TLD ingesubiri mpaka saa saba usiku. Bora avumilie.

Mtu atauliza, je, omeprazoli? Hiyo inapunguza asidi kwa njia nyingine na haina madini, na haishushi dolutegraviri. Tatizo hapa ni madini, si asidi. Ila angalia: wapo wanaotumia mchanganyiko mwingine wenye atazanaviri, na hiyo inahitaji asidi ili iyeyuke, kwa hiyo omeprazoli inaiharibia. Usimpe jirani ushauri kwa kuangalia dawa yako wewe.

Vidonge vya kuongeza damu

Chuma na kalisiamu nazo hunaswa na ule ukucha. Hapa anaguswa zaidi mama mjamzito, maana vidonge vya kuongeza damu anapewa kliniki ya wajawazito, na TLD anapewa pia. Vikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu, chuma kinashusha dolutegraviri kwa asilimia 54, na kalisiamu kwa asilimia 39. Kwa mama mjamzito hilo ni jambo zito, kwa sababu virusi vyake vikiwa chini ndipo mtoto anakuwa salama.

Habari njema ni kwamba dawa yake ni chakula. Akimeza TLD na kidonge cha chuma au kalisiamu kwa pamoja wakati wa kula, upungufu huo hauonekani. Asipokula, anarudi kwenye kanuni ya saa mbili kabla au saa sita baada. Kumbuka, msaada huu wa chakula ni kwa chuma na kalisiamu. Kwa dawa za kiungulia zenye magnesiamu na aluminiamu, tenganisha muda hata kama umeshiba.

Ini likichangamka kupita kiasi

Mwingiliano wa pili hautokei tumboni, unatokea kwenye ini. Ini lina vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuvunja dawa na kuziondoa mwilini. Zipo dawa zinazoliamuru ini litengeneze vimeng'enya hivyo kwa wingi. Bingwa wa mchezo huo ni rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu inayomezwa kwa miezi sita.

Mtu akiwa kwenye rifampisini, ini lake linaondoa dolutegraviri haraka mno, na kiasi cha dawa kwenye damu kinashuka kwa zaidi ya nusu. Suluhisho ni rahisi na limepimwa: dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Mgonjwa anameza TLD yake kama kawaida, na saa 12 baadaye anaongeza kidonge kimoja cha dolutegraviri cha miligramu 50.

Kosa linaweza kujificha mwishoni. Dawa za TB zikiisha, mtu anafurahi na kutupa vyote pamoja, na kile kidonge cha nyongeza kikiwemo. Ini halizimwi kama taa. Linahitaji muda kurudi kasi yake ya kawaida, ndiyo maana kidonge cha nyongeza kinaendelea kwa wiki mbili baada ya rifampisini kwisha.

Dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinachochea ini kwa namna hiyo hiyo. Aliye nazo asiziache mwenyewe, kifafa hakina mzaha. Amwambie mtoa huduma wa CTC ili dozi ipangwe upya au dawa moja ibadilishwe.

Safari hii ni TLD inayosumbua wenzake

Mpaka hapa TLD imekuwa ndiyo inayoonewa. Kwa metfomini, dawa ya kisukari, mambo yanageuka. Metfomini hutoka mwilini kupitia figo, kwenye vijilango maalumu. Dolutegraviri inavibana vijilango hivyo, kwa hiyo metfomini inarundikana. Kwa dozi ya kawaida ya TLD, metfomini kwenye damu inapanda kwa asilimia 79. Mtu anaweza kuharisha, kutapika, na kwa nadra kupata mrundikano wa asidi kwenye damu ambao ni hatari. Kwa hiyo mtu wa TLD kwa kawaida hazidishi miligramu 1000 za metfomini kwa siku, na sukari na figo zinafuatiliwa.

Na kwa kuwa waliokuwa vijana ARV zilipoanza kutolewa bure sasa wanaingia umri wa kisukari na presha, jambo hili litatugusa zaidi miaka inayokuja.

Kwani dozi ikipungua kidogo kuna nini?

Usiku mmoja wa Chalinze hautamuua dereva wetu. Tusitishane. Shida ni mazoea: kiungulia kila jioni, kidonge kila jioni, miezi sita. Kila siku VVU kinakutana na dawa isiyotosha kukizuia ila inatosha kukifundisha. Kirusi hiki hukosea kila kinapojinakili, na kosa moja likikipa uwezo wa kukwepa dawa, hicho ndicho kitakachozaana.

Dolutegraviri ni ngumu kuzoeleka, ila haijawa mwamba. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yenye takwimu za baadhi ya nchi zilizoonyesha usugu wa kati ya asilimia 3.9 na 8.6, na kufikia asilimia 19.6 kwa waliohamishiwa dawa hii wakiwa tayari wana virusi vingi mwilini. Sababu za usugu ni nyingi, si vidonge vya kiungulia peke yake. Lakini hii ndiyo dawa tunayoitegemea kuliko zote, na inayofuata baada yake ni vidonge vingi zaidi na gharama kubwa zaidi.

Milango miwili isiyojuana

Sasa tufike kwenye kiini. Karibu kila nilichoandika hapo juu mtoa huduma wa CTC anakijua. Muuza duka la dawa naye anaweza kukifahamu. Tatizo ni kwamba CTC hawajui umenunua nini dukani, na dukani hawajui unameza nini nyumbani. Mtu pekee anayejua yote ni wewe. Na wewe umenyamaza.

Silaumu. Watu wanahamisha vidonge kutoka kwenye kopo lake na kuviweka kwenye karatasi ili abiria wa pembeni asilitambue kopo. Wengine wanaweka pamba ndani lisicheze. Katika mji wa njia panda, muuza duka huwa ni jirani, shemeji, au mtu mnayesali pamoja. Nani ataanza kumwambia "mimi natumia ARV" kwa ajili ya kidonge cha kiungulia?

Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete, mtoto wa Msoga, hapo hapo Chalinze, alipima VVU hadharani pamoja na Mama Salma kuzindua kampeni ya taifa ya upimaji. Kupima kukawa jambo la kusemwa kwa sauti. Kumeza bado tunakunong'ona.

Lakini huhitaji kutangaza hali yako ili uwe salama. Dukani sema hivi tu:

"Kuna dawa natumia kila siku ambayo haitakiwi kukutana na magnesiamu, aluminiamu, chuma wala kalisiamu. Hii ina mojawapo?"

Basi. Hujataja ugonjwa wowote. Mtu wa tezi ya shingo anayetumia levothairoksini naye anaweza kuuliza swali hilo hilo, kwa sababu hilo hilo la madini.

Na kwa kila mlango, haya ya kukumbuka:

- Dukani: soma pakiti au omba usomewe. Ikiwa na magnesiamu au aluminiamu, TLD itangulie kwa saa mbili, au isubiri saa sita.
- Kliniki ya wajawazito: vidonge vya kuongeza damu na TLD vimezwe pamoja na chakula, au vitenganishwe.
- Kliniki ya TB: uliza kuhusu dolutegraviri ya nyongeza, na usiiache siku ile ile dawa za TB zinapoisha. Kama unatumia vidonge au vipandikizi vya uzazi wa mpango, sema pia, maana rifampisini inaondoa hata homoni hizo haraka.
- Kliniki ya kisukari au kifafa: hawa inafaa wajue kuhusu TLD. Chumba cha daktari si kibaraza.
- CTC: nenda na pakiti ya kila kitu ulichomeza tangu uje mara ya mwisho, hata kile cha mia mbili.

Na usiache TLD kwa kuogopa uliyoyasoma hapa. Dozi iliyokutana na magnesiamu bado ni bora kuliko kopo lililofungwa. Turekebishe saa tu, dawa iendelee.