Bastola Ndogo Huchakaa Kiunoni

Mtu anayevaa bastola kiunoni saa 12 kila siku hukaa nayo zaidi ya saa 4,000 kwa mwaka. Tuseme ni mtu makini pia, anayekwenda uwanja wa shabaha na kufyatua risasi 1,000 ndani ya mwaka huohuo. Kila risasi hupita kwenye mtutu mfupi kwa muda unaokaribia nusu ya elfu moja ya sekunde, kwa hiyo ukizijumlisha zote 1,000 hupati hata sekunde moja kamili. Silaha ya kubebwa kila siku huishi karibu maisha yake yote ikiwa kimya, imebanwa kati ya mwili na nguo. Humo ndimo inamoharibikia zaidi, na humo ndimo wenye silaha wengi hawaangalii.

Marekani ndiko desturi hii ilikokomaa. Mwaka 2022, katika shauri la Bruen, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka kwamba Katiba inalinda haki ya raia kubeba bastola hadharani kwa ajili ya kujilinda. Kenya na Tanzania mambo ni tofauti kabisa: silaha ya raia hupatikana kwa leseni, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kwa upande wa Kenya, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 kwa upande wa Tanzania. Lakini wapo wafanyabiashara, wakulima na walinzi wenye leseni hizo, na wanaoishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam wanabeba chuma katika hewa inayokila chuma kwa kasi.

Tuanze na udogo wenyewe, kwa sababu ndio unaozaa nusu ya matatizo. Risasi ya milimita 9 iliyobuniwa na Mjerumani Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20 inaruhusiwa kufikia shinikizo la megapaskali 235, yaani zaidi ya mara 2,300 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, ikifunguka wakati shinikizo hilo bado lipo, ganda la risasi hupasuka na gesi ya moto humrudia mpigaji. Mmarekani John Browning, aliyezaliwa Utah mwaka 1855 na kufia kazini Ubelgiji mwaka 1926, alitatua tatizo hilo kwa kuufunga mtutu pamoja na slaidi, yaani kipande cha juu cha bastola kinachoteleza mbele na nyuma. Vyote viwili hurudi nyuma vikiwa vimeshikana kwa milimita chache, risasi inatoka, shinikizo linashuka, kisha sehemu ya nyuma ya mtutu inainama na kuiachia slaidi iendelee peke yake kutupa ganda tupu na kubeba risasi nyingine. Bastola nyingi za milimita 9 zinazobebwa leo bado zinafuata wazo hilo.

Mhandisi wa Austria Gaston Glock aliweka wazo hilo ndani ya fremu ya plastiki ngumu, na jeshi la nchi yake likaichukua bastola yake mwaka 1982. Ndugu mdogo wa bastola hiyo, Glock 19 ya mwaka 1988, ina mtutu wa milimita 102, huchukua risasi 15 na huwa na uzito wa gramu 600 hivi ikiwa tupu. Mwaka 2018 kampuni ya SIG Sauer ikatoa P365, yenye mtutu wa milimita 79 na uzito wa gramu 500 hivi, ambayo juu ya wembamba wake hubeba risasi 10. Soko likageuka. Kilichokuwa kikifichwa kwa shida chini ya koti sasa kilifichika chini ya fulana.

Lakini fizikia haipunguzi deni. Kichwa cha risasi chenye gramu 8 kikitoka kwa mwendo wa mita 350 kwa sekunde, bastola ya gramu 600 hurudi nyuma kwa takribani mita 4.7 kwa sekunde, bila kuhesabu gesi. Ya gramu 500 hurudi kwa mita 5.6. Nishati ya teke lenyewe huongezeka kwa asilimia 20 kwa sababu tu tumepunguza gramu 100. Na slaidi ya bastola ndogo ni nyepesi, inakimbia zaidi, halafu ina njia fupi zaidi ya kusimamia. Kinachoizuia ni springi, mara nyingi mbili zilizovikwa moja ndani ya nyingine, nazo hulazimika kufanya kazi ngumu katika nafasi finyu. Chuma cha springi kinachokunjwa na kukunjuka karibu na kikomo chake huchoka mapema. Ndiyo maana watengenezaji huelekeza springi za bastola ndogo zibadilishwe baada ya risasi chache kuliko zile za bastola kubwa, na idadi yenyewe imeandikwa katika kijitabu cha silaha. Weka daftari la risasi ulizofyatua. Springi iliyochoka haionekani kwa macho, ila slaidi huanza kugonga fremu kwa nguvu, au haifiki mbele kikamilifu, na bastola hukwama siku usiyoitarajia.

Springi ya magazini ni hadithi nyingine. Wengi huamini kwamba kuiacha magazini imejaa huiua springi yake. Chuma kilichokandamizwa bila kupita kikomo cha unyumbukaji wake hakichoki kwa kukaa tu katika joto la kawaida. Kinachokichosha hasa ni kujazwa na kumwagwa, kujazwa na kumwagwa. Kuna magazini zinazobana risasi nyingi mno katika urefu mdogo hivi kwamba springi hukaribia kikomo hicho, na hizo zifuatiliwe kwa karibu zaidi.

Sasa kutu, adui mkubwa kuliko wote. Chuma kinapokutana na oksijeni na maji hugeuka oksaidi yenye vinyweleo, inayochukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, ikabanduka na kuacha chuma kipya wazi kuliwa. Jasho huharakisha kazi hiyo. Lina chumvi ya kawaida na asidi kidogo, na kloraidi iliyomo hupenya utando mwembamba unaokilinda chuma na kuchimba vishimo vidogo. Hata chuma kisichoshika kutu, ambacho hulindwa na utando wa oksaidi ya kromiamu, huliwa na kloraidi kwa njia hiyohiyo. Jina lake linaahidi zaidi ya kinachowezekana.

Pwani kuna jambo la ziada. Chumvi ya bahari si chumvi ya mezani peke yake, ina pia kloraidi ya magnesiamu, ambayo hunyonya maji kutoka hewani unyevu ukifikia kama asilimia 33 tu. Hewa ya Mombasa huwa na unyevu zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Maana yake ni kwamba chuma kilichopata chumvi ya bahari huko hakikauki kabisa, hata kikionekana kikavu kwa macho. Kukipangusa kwa kitambaa kikavu hakutoshi. Futa kwanza kwa kitambaa kilicholowa maji safi kidogo, kausha vizuri, kisha upake mafuta, kwa kuwa chumvi huyeyuka katika maji na haiyeyuki katika mafuta. Ukipaka mafuta juu ya chumvi umeifungia ndani.

Wanajeshi wa zamani waliijua siri hiyo kwa sababu nyingine. Fataki za risasi za zamani, yaani vile vidonge vya kuwashia baruti, zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha kloraidi ya potasiamu ndani ya mtutu, chumvi kabisa, na mtutu uliweza kuanza kushika kutu usiku uleule. Dawa ilikuwa maji ya moto. Risasi nyingi za akiba kutoka majeshi ya iliyokuwa kambi ya Kisovieti bado zina fataki za aina hiyo, na anayezitumia aoshe silaha yake kwa maji siku hiyohiyo.

Watengenezaji wanajitahidi. Slaidi za kisasa hupikwa katika naitrojeni hadi ngozi yake ya nje ikawa ngumu na kukataa kutu. Ila ukitazama bastola iliyovaliwa mwaka mzima, utakuta kutu imeanza kwenye vitu vidogo ambavyo havikupata matibabu hayo: vilengeo vya juu, pini, skrubu, kitufe cha kuachia magazini, na kwa kawaida upande ule unaogusa mwili. Anza ukaguzi wako hapo. Na usiihifadhi bastola ndani ya ala ya ngozi kabatini. Ngozi hunyonya jasho na kulishikilia, na dawa zilizotumiwa kuitengeneza huweza kula chuma. Ala ni ya kuvaa, si ya kulazia silaha.

Mafuta nayo yana kiasi chake. Yanatakiwa yawe utando tu kwenye reli za slaidi na pale mtutu unaposuguana nayo. Yakizidi hukusanya nyuzi za nguo na vumbi, na bastola inayovaliwa hupata vyote viwili kila siku, hata isipofyatuliwa kwa miezi. Kwenye njia ya pini ya kugonga usitie mafuta kabisa. Mafuta yakichanganyika na uchafu hugeuka utope, pini ikapungua kasi, ikaigonga fataki bila nguvu ya kutosha.

Kuna kosa moja ambalo watu waangalifu ndio hulifanya zaidi. Jioni wanatoa risasi chembani, asubuhi wanaipakia ileile. Kila inapopakiwa, kichwa chake hugonga mteremko wa kuingilia chembani na kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Ganda la milimita 9 lina nafasi ndogo mno ndani yake, hivyo kichwa kikizama hata kidogo baruti huwaka katika chumba kilichobana na shinikizo hupanda kupita kiwango cha salama. Simamisha risasi hiyo mezani kando ya mpya kutoka boksi lilelile. Ikiwa fupi, hata kwa unywele, usiifyatue wala usiirudishe kwenye magazini. Risasi inayokaa chembani ibadilishwe mara kwa mara, na njia iliyo bora zaidi ni kupunguza huko kupakia na kupakua: ivue bastola ikiwa ndani ya ala yake na uifungie hivyohivyo ndani ya sanduku la chuma.

Unapolazimika kuipakua ili kuisafisha, mpangilio wa hatua ni suala la uhai. Elekeza mtutu mahali salama, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi na kutoa risasi ya chembani. Ukigeuza, ukavuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, umetoa risasi moja na kupakia nyingine, halafu ukichomoa magazini unaamini una bastola tupu. Na Glock haifunguki ili isafishwe mpaka kifyatulio kivutwe, kwa hiyo risasi iliyosahaulika chembani itafyatuka. Tazama chembani kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe, hata kama umetazama sasa hivi.

Hata hivyo si kila ajali inatoka kwa mwenye silaha. Mwaka 2017 ilibainika kwamba bastola ya SIG P320 ikianguka kwa pembe fulani iliweza kufyatuka yenyewe. Bastola ilisimama ghafla ilipogonga chini, lakini kifyatulio, kwa uzito wake, kiliendelea na mwendo kikajivuta. Agosti mwaka huo kampuni ilitangaza marekebisho ya hiari, na sehemu yake kubwa ilikuwa kukipunguzia kifyatulio uzito. Fuatilia matangazo ya mtengenezaji wa silaha yako.

Baada ya kusafisha, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto. Masizi yanayobaki kwenye bastola yana madini ya risasi kutoka kwenye fataki na vichwa vya risasi, na madini hayo yakiingia mwilini hujificha mifupani kwa miongo. Usisafishie kwenye meza ya kulia.

Limebaki jambo ambalo vijitabu vya utunzaji huligusa kwa mstari mmoja, nami nadhani lingestahili ukurasa wa kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine uliwafuatilia watu wazima milioni 26 wa California kwa zaidi ya miaka 12. Wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano wa kujiua kwa risasi mara 8 ya wanaume wasio na bastola, na wanawake mara 35. Huzuni kali mara nyingi huja kama wimbi na kupita, na asiye na silaha karibu yake hupata nafasi ya kuliona likipita. Risasi haimpi mtu nafasi hiyo. Kwa hiyo sanduku lenye kufuli ni sehemu ya utunzaji sawa na mafuta na springi, na ufunguo wake usijulikane na watoto. Na nyumbani mwako akiwepo mtu aliyezama katika huzuni, hata kama mtu huyo ni wewe, usingoje kesho: nenda polisi au kwa muuzaji mwenye leseni, uliza utaratibu wa kuikabidhi bastola itunzwe nje ya nyumba, na uitoe leo.