Wimbo Kwenye Mkanda wa Magari

Filamu yenyewe ina urefu wa wimbo mmoja, dakika kama tatu. Ni mwaka 1965, ndani ya kiwanda cha Ford cha River Rouge, Dearborn, jirani na Detroit. Mkanda wa kuunganishia unasogeza bodi za Mustang ambazo hazijakamilika, na wanawake watatu wanapita katikati yake wakiimba. Ni Martha Reeves, Rosalind Ashford na Betty Kelly, yaani Martha and the Vandellas. Wanapanda gari lililo njiani, wanashuka, wanazunguka mashine, wanarudi. Wafanyakazi wa zamu wanaendelea na kazi yao, mikono kwenye vyuma.

Wimbo ni "Nowhere to Run", ulioandikwa na Holland, Dozier na Holland, watunzi wa kampuni ya muziki ya Motown. Ulitoka Februari 1965 ukafika nafasi ya 8 katika chati kuu ya Marekani. Unamhusu mtu aliyenaswa na mapenzi asiyoweza kuyakimbia. Kumwimbisha mtu kama huyo mbele ya mkanda usiosimama ni wazo la mtu aliyeujua mji wa Detroit, na katika maonyesho yote ya vikundi vya wasichana wa Motown kwenye televisheni, hili ndilo ningelibakiza kama ningeruhusiwa kubakiza moja tu.

Anayeishi Kolwezi, kusini mwa Kongo, ana njia ya mkato ya kulielewa. Mji wake ulianzishwa na Union Minière mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, ukapangwa kwa kambi za wafanyakazi, na baada ya serikali kuitaifisha kampuni hiyo, Gécamines ikarithi kambi, hospitali, shule na hata honi ya zamu. Detroit ya miaka ya 1960 nayo ilikula na kulala kwa ratiba ya kiwanda. Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown, alifanya kazi kwenye mkanda wa Lincoln-Mercury kabla ya kukopa dola 800 kutoka mfuko wa familia yake mwaka 1959 na kuanzisha kampuni ya muziki. Hakuficha alikoiga. Wimbo uliingia studioni ukiwa mbichi, ukapitia kwa watunzi, wapigaji, mafundi wa sauti, kisha ukafika kwenye kikao cha kukagua ubora, ambako ulipitishwa au ukakataliwa. Jina lenyewe la kampuni linatokana na mji wa magari. Hata kwenye rekodi ya "Nowhere to Run" kuna kitu cha gereji: pamoja na ngoma na matari, wanamuziki walitikisa minyororo ile inayofungwa kwenye matairi ili gari lisiteleze juu ya theluji. Ukisikiliza kwa makini, kile kishindo kikavu kinachotembea na ngoma ni chuma kweli.

Sasa tuitazame kamera. Kiwandani kuna kelele ya kuziba masikio, na hakuna maikrofoni ya wakati ule ambayo ingemtenga mwimbaji na mtambo. Kwa hiyo walitumia plebeki: rekodi inapigwa, waimbaji wanafuatisha kwa midomo. Wako wanaoidharau plebeki kama udanganyifu. Mimi naiona kama mgawanyo wa kazi. Sauti ilishamalizika studioni. Kinachofanya kazi mbele ya kamera ni mwili, na mwili unapewa masharti ambayo sauti haikuyajua. Jukwaani mwimbaji huchagua pa kusimama. Hapa gari ndilo linaloamua. Likisogea, lazima asogee nalo, na akichelewa linampita. Ndiyo maana hatua zao hazina ule unadhifu wa studio ya televisheni. Unawaona wakikwepa, wakishika bodi ili wasianguke, wakicheka kidogo pasipopangwa.

Kiwanda hakikufungwa kwa ajili yao. Kila dakika mkanda unaposimama ni magari yasiyotoka, na Mustang ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja na nusu sokoni. Ilizinduliwa Aprili 1964 ikauza zaidi ya magari 400,000 katika mwaka wake wa kwanza. Ford haikuwa na sababu ya kuifichia kamera gari kama hilo. Lakini si Ford peke yake iliyonufaika. Filamu ilirushwa na CBS tarehe 28 Juni 1965 katika kipindi maalumu cha mtangazaji Murray the K, na kipindi hicho kilidhaminiwa na ofisi ya serikali ya Marekani iliyosimamia vita dhidi ya umaskini, ili vijana wasikie habari za ajira na mafunzo. Tangazo la kazi, basi, lilivalishwa nguo ya muziki. Nitalirudia jambo hili nikifika Zaire, kama Kongo ilivyoitwa zamani.

Kabla ya kiwanda kulikuwa na darasa. Motown ilikuwa na idara ya kuwalea wasanii. Maxine Powell aliwafundisha wasichana namna ya kutembea, kuketi, kushika glavu, kuzungumza na mwandishi wa habari. Cholly Atkins, mchezaji wa siku nyingi wa dansi ya kugongesha viatu, aliwapangia hatua. Wasomaji wazee wa Kolwezi watakumbuka foyer social za kambini, ambako wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto kwa kanuni za kampuni. Mfanano upo, ila usivutwe mbali. Foyer ilimwandaa mwanamke ili mume aamke na nguvu za kwenda mgodini. Powell alimwandaa mwanamke ili yeye mwenyewe alipwe. Kwamba malipo hayo hayakufika kama ilivyopaswa ni hadithi nyingine: mwaka 1989 Reeves na wenzake waliishtaki Motown kwa ajili ya mirabaha, na shauri likamalizwa kwa maelewano mwaka 1991.

Ishara maarufu kuliko zote za Motown haikutoka kwa Atkins. Machi 1965 wasanii wa kampuni hiyo walikuwa London kurekodi kipindi maalumu cha "Ready Steady Go!" kilichoongozwa na Dusty Springfield. The Supremes walikuwa na wimbo mpya, "Stop! In the Name of Love", na hawakuwa na la kufanya kwa mikono. Inasimuliwa kwamba wanaume wa The Temptations waliwavuta chooni, pale pale studioni, wakawaonyesha: mkono mmoja kiunoni, mwingine unanyooshwa mbele, kiganja wazi, kama askari wa barabarani anayesimamisha gari. Ni ishara ya mtoto mdogo. Lakini fikiria televisheni ya wakati ule: kioo kidogo, picha nyeusi na nyeupe, mawimbi yanayokatika. Uso unapotea, vazi linapotea. Kiganja kilichonyooshwa katikati ya picha hakipotei. Na asiyejua neno moja la Kiingereza anajua ameambiwa nini.

Ndivyo mambo haya yalivyovuka bahari, kwa mwili kabla ya maneno. Barabara ya kwenda Kongo ilipitia Paris. Claude François, nyota wa televisheni ya Ufaransa, alichukua nyimbo za Motown akaziimba kwa Kifaransa. "J'attendrai" ya 1966 ni "Reach Out I'll Be There" ya The Four Tops. Pembeni yake aliweka wasichana wacheza dansi, Clodettes. Tabu Ley Rochereau aliimba Olympia ya Paris mwaka 1970, na wacheza dansi wake wakaitwa Rocherettes. Asiyeona undugu wa majina hayo mawili hataki kuona. Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, alifika Olympia mwaka 1973, akawa na wacheza dansi wake, Tigresses. Wamarekani wenyewe walikuja Kinshasa Septemba 1974 kwa tamasha lililoandamana na pambano la ndondi la Ali na Foreman. Miongoni mwao walikuwamo James Brown, The Spinners, ambao zamani walikuwa chini ya Motown, na Sister Sledge, ndugu wa kike kutoka Philadelphia waliokuwa bado vijana kabisa. Abeti na Tabu Ley waliimba katika tamasha hilo hilo.

Televisheni ya Kinshasa, iliyoanza mwaka 1966, ilikuwa tayari ina dansi yake. Baada ya siasa ya uhalisi kutangazwa, kila jioni taarifa ya habari ilitanguliwa na uso wa Rais Mobutu ukishuka kutoka mawinguni, na kabla na baada yake yalirushwa maonyesho ya animasyo: mistari ya wanawake na wanaume waliovaa sare ya kitenge chenye nembo ya MPR, chama chake, wakicheza na kuimba sifa za kiongozi. Tuni nyingi zilikuwa za vijijini, maneno yamebadilishwa. Mashirika, shule na ofisi zilitakiwa kuwa na vikundi vyao, na katika Shaba, mkoa wa Kolwezi wakati huo, shirika lililo juu ya yote lilikuwa Gécamines. Mfanyakazi wa kiwanda alitoka nyuma ya picha akaletwa mbele, ila si kwa hiari yake, wala wimbo haukuwa wake.

Huu ndio mstari ninaotaka msomaji auone. Detroit, mwimbaji wa kulipwa analetwa kazini kwa wengine, na wenye kazi wanabaki kuwa mandhari. Zaire, wenye kazi wanafanywa waimbaji, na kazi yao inatoweka kwenye picha. Huoni sururu wala tanuri, unaona kitenge tu. Pande zote mbili serikali imeshika kamba. Tofauti ni kwamba Martha Reeves angeweza kuudharau ujumbe wa ofisi ya ajira na wimbo ukabaki, kwa kuwa wimbo ulikuwapo kabla ya ujumbe. Wimbo wa animasyo ukiuondolea kiongozi unabaki na ngoma. Na ngoma zenyewe, kusema kweli, zilikuwa nzuri. Wachezaji wa animasyo walikuwa hodari kuliko serikali iliyowachezesha.

Na leo, huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi? Kamera zimeshafika huko pia. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya nyumba za mtaa huu kuna heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti nyingi, na watu wakachimba uani, vyumbani, jikoni. Mwaka 2017 mamia ya kaya zilihamishwa, ukuta ukajengwa, na madini ya ndani ya ukuta yakawa yananunuliwa na kampuni moja ya Kichina, Congo Dongfang. Tangu hapo vituo vya Ulaya na Marekani vimeonyesha mashimo, maturubai, viroba, vijana waliopakwa vumbi. Filamu hizi nazo zina plebeki yake: piano ya huzuni iliyobandikwa wakati wa kuhariri. Mchimbaji anayeonekana anazungumza sekunde chache, sauti ya mkalimani inamfunika, na piano inamaliza. Ni muziki ambao hakuna mtu wa Kasulo aliyeuchagua.

Jina Mustang limerudi, safari hii kwa umeme. Ford iliitambulisha Mustang Mach-E Novemba 2019, na betri zake za kwanza zilikuwa za nikeli, manganizi na kobalti. Mwaka 2023 matoleo ya bei nafuu yakaanza kupewa betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti kabisa. Kongo huchimba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, sehemu kubwa yake kutoka Lualaba, mkoa wa Kolwezi wa sasa. Kwa hiyo si ajabu mtu kujiuliza kwa nini hakuna aliyewaalika waimbaji watatu ndani ya ukuta wa Kasulo, kama walivyoalikwa Dearborn.

Jibu liko kwenye bidhaa. Mustang ya 1965 iliuzwa kwa sura. Mnunuzi alitaka ule mdomo mrefu wa mbele na ule mgongo mfupi, na kila sekunde ya bodi kwenye kioo, hata ikiwa haijapakwa rangi wala kutiwa milango, ilikuwa tangazo. Kobalti haiuzwi kwa sura. Mnunuzi wa gari la umeme hajawahi kuiona. Imefungwa ndani ya seli, seli ndani ya kasha, kasha chini ya sakafu. Anaambiwa kilomita ngapi betri itamfikisha na dakika ngapi itachajiwa. Mwenye mgodi hapati mnunuzi mpya kwa kuonyesha shimo, na mwenye gari anaweza kumpoteza wa zamani. Ndiyo maana kamera inayoingia Kasulo karibu kila mara ni ya mwandishi wa habari anayekuja kufichua, naye hana nafasi ya wimbo wa mapenzi.