Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia: kura za wamama na deni la vita

Katika mikutano yetu kambini kuna maswali mawili yanayorudi mara kwa mara. La kwanza huulizwa na vijana: je, mtu aliyewahi kusaidia upande mmoja wa vita anaweza kuongoza amani? La pili huulizwa zaidi na wazee wanaume: mwanamke ataweza? Ndiyo sababu tumechagua kueleza habari za Mama Ellen Johnson Sirleaf, aliyekuwa raisi wa Liberia kuanzia mwaka wa 2006 hadi 2018. Maswali yote mawili yanamgusa yeye.

Alizaliwa Monrovia mwaka wa 1938. Baba yake, mtu wa kabila la Gola, alifika hadi bungeni, lakini akapooza na familia ikaingia katika shida. Ellen aliolewa akiwa na miaka 17, akazaa watoto wanne wa kiume. Mume alimpiga, mwishowe wakaachana. Alisoma uhasibu na mambo ya utawala huko Marekani, na mwaka wa 1979 akawa waziri wa fedha. Mwaka uliofuata, Aprili 1980, askari wakiongozwa na Samuel Doe walimwua Raisi Tolbert, kisha wakapiga risasi viongozi 13 ufukoni mwa bahari. Yeye alipona. Alifanya kazi ya benki Nairobi kwa miaka michache, akarudi nyumbani mwaka wa 1985 na kumpinga Doe waziwazi. Alifungwa mara mbili. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa seneta, lakini akakataa kukaa katika kiti hicho kwa sababu uchaguzi ulikuwa wa wizi.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi wanaomsifu hupita haraka. Charles Taylor alipoanzisha vita siku ya 24 Desemba 1989, Ellen Johnson Sirleaf alikuwa miongoni mwa wale waliomwunga mkono, wakiamini kwamba atamwondoa Doe. Baadaye aliachana naye, na mwaka wa 1997 akagombea uraisi dhidi yake. Alishindwa vibaya: Taylor alipata kura 75 kwa mia, yeye karibu 10. Lakini moto ulikuwa umekwisha kuwashwa. Vita vya Liberia viliua watu wanaokadiriwa kufika 250,000.

Tuseme pia kwamba kanda yetu haikuwa ngeni kwake. Alikuwa mmoja wa watu saba walioteuliwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuchunguza mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwaka wa 2002, pamoja na Elisabeth Rehn wa Finland, alitoa ripoti kwa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake katika vita, na Kongo ni moja ya nchi zilizochunguzwa humo.

Waliosukuma vita kufika mwisho ni watu wasiokuwa na cheo. Mwaka wa 2003 wamama wa Monrovia, Wakristo na Waislamu pamoja, wakiongozwa na Leymah Gbowee, walivaa nguo nyeupe na kuketi uwanjani karibu na soko la samaki, kila siku, juani na mvuani, wakidai amani. Wengi wao walikuwa wamekwisha kukimbia makwao. Mazungumzo yalipofanyika Accra, Ghana, wakubwa wa vita walikaa katika hoteli majuma mengi huku Monrovia ikipigwa mabomu. Mwezi wa Julai wamama walijipanga mlangoni pa ukumbi, wakasema hakuna atakayetoka bila makubaliano. Walinzi walipotaka kumkamata Gbowee, alianza kuvua nguo zake. Hapa kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya mama kujivua nguo mbele ya wanaume. Walinzi walirudi nyuma, na msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, akatoka kuwasikiliza. Taylor aliondoka nchini tarehe 11 Agosti, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 18.

Wamama wale hawakuwa chama cha siasa cha mtu. Lakini uchaguzi wa 2005 ulipokaribia, vikundi vya wanawake vilipita masokoni na vijijini kuwahimiza wenzao wajiandikishe. Duru ya kwanza George Weah, mchezaji mashuhuri wa mpira, alitangulia kwa 28 kwa mia, Sirleaf akiwa na 20. Duru ya pili, tarehe 8 Novemba, Sirleaf alishinda kwa 59. Wanawake wengine wamewahi kushika nchi kwa muda katika Afrika, kama Ruth Perry katika Liberia hiyo hiyo mwaka wa 1996, na Sylvie Kinigi wa jirani zetu Burundi mwaka wa 1993. Sirleaf ndiye wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi kuwa raisi.

Alipokea nchi isiyo na umeme wala maji ya bomba, yenye deni la zaidi ya dola miliardi nne. Mwaka wa 2010 sehemu kubwa ya deni hilo ilifutwa. Sheria kali ya ubakaji ilianza kutumika mwaka wa 2006, na mahakama ya pekee kwa kesi hizo ikafunguliwa miaka miwili baadaye.

Kwa wakimbizi wa ndani, zaidi ya watu 300,000 walisaidiwa kurudi makwao kabla ya kati ya mwaka 2006, na makambi yakafungwa. Lakini kurudi si kufika. Katika jimbo la Nimba, Wamandingo waliokuwa wamekimbilia Guinea walikuta nyumba na viwanja vyao vya mji wa Ganta vimeshikwa na Wagio na Wamano, ambao nao walisema ardhi hiyo ilikuwa ya babu zao. Msomaji wa Masisi au wa Ituri anajua habari hiyo. Serikali iliunda tume kwa ajili ya Nimba, kisha Tume ya Ardhi ya taifa mwaka wa 2009. Ugomvi huo ulidumu miaka mingi, na tunaona ni kosa kuharakisha kufunga makambi wakati swali la kiwanja bado halina jibu.

Halafu likaja lile deni la zamani. Februari 2009 Sirleaf alisimama mbele ya Tume ya Ukweli na Upatanisho, akakiri kumpelekea Taylor dola 10,000 mwanzoni mwa vita, akaomba radhi. Tume haikumwachilia kwa hayo: ilipendekeza yeye na wengine 48 wakatazwe vyeo vya serikali kwa miaka 30. Mahakama Kuu ilibatilisha adhabu hiyo mwaka wa 2011. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Gbowee na Tawakkol Karman wa Yemen, akachaguliwa tena, ingawa mwaka wa 2005 aliahidi muhula mmoja tu, na mpinzani wake alisusia duru ya pili. Aliwapa wanawe vyeo. Gbowee, aliyekuwa amekubali kuongoza kazi ya upatanisho, alijiuzulu mwaka wa 2012 na kumlaumu hadharani.

Januari 2018 alimkabidhi Weah madaraka kwa amani. Tangu 1944 Liberia haikuwa imeona raisi aliyechaguliwa akimpa mwingine kiti namna hiyo.

Taylor alihukumiwa miaka 50 mwaka wa 2012, lakini kwa makosa aliyotenda Sierra Leone. Kwa yale ya Liberia, miaka 12 ya Sirleaf ilipita bila mahakama. Mnamo Mei 2024 Raisi Joseph Boakai, aliyekuwa makamu wake, ndiye aliyetia sahihi amri ya kuanzisha ofisi ya kuitayarisha.