Fahamu: Kwa nini gari la umeme huchomoka haraka?

Mwaka 2023 Rimac Nevera, gari la umeme kutoka Kroatia, lilitoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 1.81. Bugatti Chiron, la esansi lenye silinda 16, huhitaji kama sekunde 2.4. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha hata kabla gurudumu halijasogea. Injini ya esansi sharti kwanza ipandishe mizunguko, kisha ibadilishe gia. Anayepandisha pikipiki yenye mizigo kwenye vilima vya Kilembwe hapa Kongo anaelewa hilo. Ila kwenye tope la masika nguvu ya ghafla huzungusha tairi bure, na hapo sekunde hizo ni porojo tu. Na kobalti ya betri nyingi zinazolisha mota hizo za umeme? Sehemu kubwa huchimbwa maeneo kama Kolwezi, Kongo yetu hii hii.