Lifahamu Bega Lako

Tangu ulipoamka leo asubuhi umelitumia bega lako mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Umenawa uso, umechana nywele, umeanua nguo kambani, umenyanyua ndoo ya maji, pengine umemfunga mtoto mgongoni kwa kanga. Huenda hukulifikiria hata mara moja. Bega ni kama mtumishi mwema asiye na makelele: hutambui kazi yake mpaka siku anapougua. Siku hiyo ikifika, mama hawezi kufunga kilemba chake, baba hawezi kuvaa koti bila kusaidiwa, na usiku wote mtu anageuka huku na huku akitafuta namna ya kulala.

Mwezi huu tutaangalia jinsi bega lilivyoundwa, linavyofanya kazi, na matatizo yanayolipata. Tutaona pia kwamba maumivu ya bega mara nyingine si ya bega hata kidogo, na kwamba kulijua jambo hilo kunaweza kuokoa maisha ya mtu nyumbani mwako.

BEGA LIMEUNDWAJE?

Watu husema "mfupa wa bega" kana kwamba ni mmoja. Kwa kweli katika bega hukutana mifupa mitatu. Wa kwanza ni mtulinga, yaani ule mfupa mwembamba unaoweza kuupapasa kwa kidole chini ya shingo, kuanzia juu ya kifua hadi kwenye ncha ya bega. Wa pili ni kombe la bega, mfupa bapa wenye pembe tatu uliolala mgongoni juu ya mbavu. Wa tatu ni mfupa wa mkono wa juu, ambao kichwa chake ni cha mviringo kama mpira.

Mtulinga ni mfupa wa ajabu. Ndio pekee unaouunganisha mkono na kiwiliwili. Kombe la bega halikushikamana na mbavu wala na uti wa mgongo kwa mfupa wowote; limeshikiliwa na misuli. Tena mtulinga ndio unaotangulia kuanza kuwa mfupa mgumu mtoto akiwa bado tumboni, katika wiki ya 5 au ya 6, na ni miongoni mwa mifupa ya mwisho kukamilika, mtu akiwa na umri wa miaka 25 hivi.

Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kishimo kidogo cha kombe la bega. Hapo ndipo penye uzuri wa bega na udhaifu wake pia. Ukitazama nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani kabisa, kama yai ndani ya kikombe. Bega si hivyo. Kishimo chake hakina kina, na kwa wakati wowote ni kama robo hadi theluthi tu ya kichwa cha mfupa inayogusana nacho. Fikiria chungwa lililowekwa juu ya kisosi cha chai. Litageuka upande wowote upendao, lakini ukilisukuma kidogo litaanguka. Ndiyo maana bega linazunguka kuliko kiungo kingine chochote cha mwili, na ndiyo maana pia, kati ya viungo vikubwa, ndilo linaloteguka mara nyingi zaidi.

Basi ni kitu gani kinachozuia chungwa lisianguke? Kwanza, kishimo kimezungushiwa ukingo wa gegedu unaokiongezea kina. Pili, kiungo chote kimefunikwa na mfuko wa nyuzi imara, na ndani yake kuna ute unaolainisha. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuna misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega, na kano zake hukikumbatia kichwa cha mfupa mbele, juu na nyuma. Kazi ya misuli hiyo ni kukivuta kichwa kikae katikati ya kishimo kila mkono unapokwenda. Juu ya yote umelala msuli mnene wa deltoidi, ule unaolipa bega umbo lake la mviringo. Watu wazima wengi wamechomwa sindano za chanjo kwenye msuli huo.

Jaribu jambo hili. Mwambie mwenzako ainue mkono wake polepole hadi juu ya kichwa, nawe umwekee kiganja kwenye kombe la bega. Utalisikia kombe nalo likigeuka na kupanda. Kwa jumla, kati ya sehemu tatu za mwendo huo, mbili hufanywa na kiungo cha bega chenyewe na moja hufanywa na kombe. Kombe likikosa kutembea vizuri, mkono haufiki juu.

BEGA LINAPOTEGUKA

Kijana ameanguka kutoka kwenye mwembe au kwenye pikipiki, akajikinga kwa mkono. Sasa amelishika bega lake kwa mkono wa pili, analia kwa maumivu. Ukimtazama, bega halina mviringo tena. Limebonyea kama pembe ya meza. Hilo limeteguka. Mara nyingi sana, zaidi ya watu 90 katika kila 100, kichwa cha mfupa hutokea mbele.

Majirani wema watakuja mbio, na mmoja atasema, "Mshikeni nimvute!" Tafadhali mkatalie kwa upole. Karibu na kwapa hupita mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu ya mkono wote. Tena huenda mfupa umevunjika pamoja na kuteguka, na jambo hilo huonekana kwa picha ya eksirei. Anayevuta bila kujua anaweza kuukata mshipa au kuvunja mfupa uliokuwa mzima.

Fanya hivi. Uache mkono katika hali ambayo mgonjwa mwenyewe anaona nafuu. Utundike kwa kanga iliyofungwa shingoni. Mvue pete na bangili kabla vidole havijavimba. Muulize kama vidole vina ganzi, na kama anasikia ukimgusa ngozi ya nje ya bega. Kama vidole ni baridi au vimepauka, hali ni ya hatari zaidi. Asile wala asinywe, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi. Kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nini siku hiyo hiyo? Bega lililoteguka likirudishwa mapema na mtaalamu, kwa kawaida hurudi bila kupasuliwa. Likikandwa na kuchuliwa nyumbani kwa wiki tatu au zaidi, mara nyingi halirudi tena kwa kuvutwa, na mgonjwa hulazimika kupasuliwa. Familia nyingi zimepata hasara hiyo, nao walidhani wanaokoa nauli.

Jambo jingine: mgonjwa wa kifafa, au mtu aliyepigwa na umeme, bega lake linaweza kuteguka kwa nyuma bila yeye kuanguka. Umbo halibadiliki sana, hivyo ni rahisi kupitiwa. Dalili yake ni kwamba hawezi kuugeuza mkono kwa nje.

BEGA LINAPOGANDA

Ugonjwa huu huwapata hasa watu wa miaka 40 hadi 60, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Huanza kwa maumivu yasiyo na sababu inayoonekana, hasa usiku. Baada ya miezi kadhaa maumivu hupungua, lakini bega limekuwa gumu: mama hafikii mgongo kufunga nguo yake, hafikii kichwa kusuka. Kisha polepole ugumu hulegea. Safari yote huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Sababu ni kwamba ule mfuko wa kiungo umevimba, ukawa mnene na kusinyaa.

Kwa kuwa huja bila ajali, wengi hudhani wamelogwa. Hutumia fedha nyingi kwa waganga, na huku ugonjwa mwingine unaendelea ndani kimyakimya. Ugonjwa wenyewe ni kisukari. Watu wenye kisukari hugandwa na bega mara nyingi zaidi kuliko wengine, na wapo wanaoanza kugundua kwamba wana kisukari baada ya kwenda kutibiwa bega. Kwa hiyo, bega likiganda bila ajali, omba upimwe sukari. Pengine bega litapona lenyewe, lakini kisukari kisichotibiwa huharibu macho, figo na miguu.

Bega huweza pia kuganda kwa sababu limetundikwa kwa muda mrefu mno baada ya kuumia, au kwa mgonjwa wa kiharusi ambaye mkono wake haufanyishwi mazoezi. Ukitundikiwa mkono, muulize daktari ni lini uanze kuutikisa.

Usichanganye bega lililoganda na kano iliyochanika. Lililoganda, hata mtu mwingine akijaribu kuuinua mkono wako, hauendi. Kano ikichanika, mwenzako anaweza kuuinua, lakini akiuachia wewe huwezi kuuzuia usianguke. Kano za bega huchakaa kadiri umri unavyosogea, hasa kwa watu wanaofanya kazi mikono ikiwa juu, kama wapaka rangi na mafundi wa dari.

BEGA LA MTOTO MCHANGA

Wakati wa kuzaliwa, kichwa cha mtoto chaweza kutoka na bega likakwama. Hutokea zaidi kwa watoto wakubwa, wakiwemo wa mama wenye kisukari. Mishipa ya fahamu ya shingoni ikivutika, mkono wa mtoto hulegea, umenyooka na kugeukia ndani. Wengi hupona katika miezi ya kwanza. Hata hivyo mpeleke mapema kwa mtaalamu, na kama kufikia miezi mitatu bado hawezi kukunja kiwiko, aonwe katika hospitali kubwa. Hii ni sababu moja zaidi ya kujifungulia kwenye kituo cha afya.

MAUMIVU YASIYO YA BEGA

Hapa naomba usome kwa makini. Mishipa ya fahamu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hutoka shingoni, mahali pale pale inapotoka mishipa ya ngozi ya bega. Kitu kikiuchokoza kiwambo, ubongo hudhani ni bega linalouma.

Mwanamke ambaye hajaona siku zake, akapata maumivu ya tumbo, kizunguzungu na maumivu ya ncha ya bega, huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na imepasuka. Anavuja damu ndani. Asingoje kesho.

Mtu aliyepigwa au kuangukia ubavu wa kushoto, kisha bega la kushoto likamuuma bila kuwa na jeraha, huenda bandama limepasuka. Maumivu ya bega la kulia baada ya kula vyakula vya mafuta huweza kutoka kwenye mfuko wa nyongo. Na mtu anayebanwa kifua, akatokwa jasho, huku maumivu yakienda begani na mkononi, hasa wa kushoto, huenda ni moyo.

Utatofautishaje? Bega lenyewe likiwa gonjwa, maumivu huongezeka unapousogeza mkono. Kama bega linauma sana lakini mkono unazunguka bila shida, tafuta sababu kwingine, na upesi.

MAZOEZI NYUMBANI

Kwa bega gumu lisilo na jeraha jipya, fanya mazoezi haya mara mbili au tatu kwa siku. Maji ya moto kwenye kitambaa kabla ya kuanza husaidia.

1. Inama, ushike meza kwa mkono mzima. Uache mkono mgonjwa uning'inie, uuzungushe taratibu kama unakoroga uji, dakika moja kila upande.

2. Simama mbele ya ukuta. Pandisha vidole ukutani kama buibui anavyopanda. Weka alama ulipofikia, na kila wiki jaribu kuipita.

3. Shika kanga nyuma ya mgongo, mkono mzima juu na mgonjwa chini. Vuta juu polepole.

Kuvutika kidogo si kubaya. Maumivu makali ni onyo, acha.

Tena, tugawane mizigo nyumbani. Ndoo mbili ndogo mikononi ni afadhali kuliko moja kubwa upande mmoja. Mtoto asinyanyuliwe kwa kuvutwa mkono mmoja. Na mama anayeugua bega apumzishwe kinu na jembe. Wapo vijana wenye mabega mazima.