Mfupa Ambao Haupo Kooni

"Daktari, njoo haraka, mbwa amekwamwa na mfupa!" Kila anayetibu wanyama mjini anaijua simu hii. Hupigwa usiku zaidi, na mara nyingi mfupa wenyewe haupo. Mpigaji amemwona mbwa akinyoosha shingo na kupanua miguu ya mbele, akikohoa kikohozi kikavu kama mlio wa bata bukini, kisha akikakamua koo na kutema povu jeupe kidogo. Kwa kuwa jioni alitupiwa mifupa ya mbuzi, hukumu imeshatoka. Hapo ndipo mtu anapompanua mbwa mdomo na kuingiza vidole, jambo ninaloomba lisifanyike kwa pupa.

Sababu yangu ya kwanza ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao bado tunaishi nao Afrika Mashariki. Wengi wakisikia kichaa wanamfikiria mbwa anayekimbia ovyo akiuma kila anayekutana naye. Lakini ugonjwa huu una sura nyingine, ya upole, na ndiyo inayomponza mwenye mbwa. Mnyama amejikunyata pembeni, taya la chini limelegea, mate yanachuruzika, maji anayataka lakini hayamezi, na akibweka sauti inatoka ya kukwaruza, si ile aliyozoeleka nayo. Ukimtazama unaona kabisa kuna kitu kimemkwama. Kumbe virusi vimepoozesha misuli ya taya na koo, na mate yale yamejaa virusi. Mkono wenye mchubuko ukiingia mle, hakuna haja ya kuumwa ili uambukizwe. Na dalili zikishamtokea binadamu, ni nadra mno mtu kupona.

Basi kabla ya kuutafuta mfupa, ulizaneni hapo nyumbani: huyu alichanjwa lini? Miezi ya karibuni amewahi kutoroka, au kurudi na jeraha la kuumwa? Kama hakuna mwenye jibu na taya linaning'inia, mfungieni peke yake, watoto wakae mbali, daktari wa mifugo aitwe. Aliyeguswa na mate yake kwenye jeraha, machoni au mdomoni, aoshe kwa maji mengi yanayotiririka. Jeraha lioshwe kwa sabuni pia, kwa dakika 15. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate sindano za kinga. Pilipili, majivu na mafuta ya taa havina kazi hapo.

Tuseme chanjo iko sawa na mbwa mwenyewe ni mchangamfu, chakula anakimaliza. Hapo ninachokishuku kwanza ni kikohozi cha kuambukizana. Bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica, mara nyingi akisaidiana na virusi, hushambulia koo la hewa. Ugonjwa huenea pale mbwa wengi wanapokaa pamoja: kwenye mabanda ya kuwalaza mbwa wenye nyumba wakisafiri, kwenye mafunzo ya mbwa walinzi, kwa wafugaji wanaouza watoto wa mbwa. Dalili huanza siku 2 hadi 14 baada ya kuambukizwa. Mbwa akivuta kamba, ukanda wa shingoni unabana lile koo lenye uvimbe na kikohozi kinaanza upya, kikimalizikia na kukakamua na povu. Mbwa mzima mwenye afya hupona ndani ya wiki moja hadi tatu akipumzishwa, akivalishwa mkanda wa kifuani badala ya ule wa shingoni, na akiepushwa na moshi wa jiko na dawa ya mbu ya kuchoma. Mtoto wa mbwa au mbwa mzee asiachwe hivyo hivyo. Kwao kikohozi hiki hugeuka nimonia upesi.

Mtoto wa mbwa anayekohoa huku ana matongo, kamasi nzito na homa, na hakumaliza chanjo, naye nina hofu nyingine juu yake: distempa. Virusi hivi havina dawa ya kuviua; wanaonusurika wengine hubaki na degedege au mitetemo ya misuli. Mwaka 1994 virusi hivi viliingia Serengeti vikaua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi ile, na watafiti waliwashuku mbwa wa vijiji vya jirani kuwa chanzo. Anayeona chanjo ya mbwa ni anasa ya watu wa mjini alikumbuke hilo.

Lazima pia tutenganishe kukohoa na kutapika. Mbwa anayetapika hutanguliza dalili: anameza mate, anahangaika, tumbo linajibana mara kadhaa ndipo kitu kitoke. Chakula kikiporomoka tu bila tumbo kujibana, kikiwa hakijasagika, tatizo liko kwenye umio. Kwetu huku ipo minyoo aina ya Spirocerca lupi inayotengeneza vinundu kwenye ukuta wa umio, na mbwa huipata kwa kula wale wadudu weusi wanaoviringisha mavi. Vinundu hivyo vikikaa sana vinaweza kugeuka saratani.

Tukio lisilosubiri asubuhi ni hili: mbwa mkubwa, German Shepherd au Boerboel, anajikakamua kutapika tena na tena wala hakuna kinachotoka, na tumbo linavimba na kukaza. Tumbo lake huenda limejaa gesi na kujipindua. Anahitaji upasuaji, na muda alionao ni wa saa chache.

Na aliyekwamwa kweli? Anakuna mdomo kwa miguu ya mbele kwa hofu, hatoi sauti, ulimi unakuwa wa bluu. Anayekohoa kwa nguvu bado anapitisha hewa, mwache akohoe. Asiyepitisha hewa, mmoja amshike taya, mwingine akitoe kile anachokiona; usichokiona usikichokore, utakisukuma ndani. Ikishindikana, mbwa mdogo ainuliwe miguu ya nyuma kichwa kikiwa chini; mkubwa akumbatiwe kwa nyuma, ngumi iwekwe chini ya mbavu na kusukumwa kwa nguvu kuelekea kifuani.

Mbwa mdogo wa umri mkubwa anayekohoa usiku huenda ana moyo mgonjwa. Akiwa usingizini hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikizidi 30 siku baada ya siku, mpeleke akapimwe.

Dawa za watu ziacheni kabatini. Parasetamoli huharibu ini na damu ya mbwa, ibuprofeni huumiza tumbo na figo zake, na baadhi ya dawa za kikohozi zisizo na sukari zina zailitoli, ambayo ni sumu kwake.

Mrekodi kwa simu wakati anakohoa, kwa sababu akifika kwa daktari atakaa kimya kabisa. Na mkifika, msiingie naye moja kwa moja; mwacheni garini au nje ya lango mpaka daktari aambiwe kama ana chanjo ya kichaa, maana ndani kuna mbwa wengine na watu.