Kuifufua Motokaa ya Zamani

Katika miji yetu na hata vijijini zimo motokaa za zamani ambazo zimelala chini ya miembe au ndani ya mabanda, zimejaa vumbi na kuku wanataga ndani yake. Watu wengi huzipita bila ya kuzitazama. Wengine huona kwamba hazifai kitu ila kukatwakatwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kusudi la makala hii ni kueleza kwamba motokaa ya namna hiyo, ikiwa ililazwa mahali pazuri, yaweza kurudi barabarani. Na kueleza kazi hiyo huanzia wapi, hufuata njia gani, na ni wapi yafaa fundi aache mkono. Nitatumia mfano wa motokaa moja ninayoifahamu, nayo ni Peugeot 504 ya babu yangu.

Kwanza niseme machache juu ya motokaa yenyewe. Peugeot 504 ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Mwaka 1969 ilichaguliwa kuwa Motokaa ya Mwaka katika Ulaya. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 3, na hata baada ya Ufaransa kuacha kuzitengeneza ziliendelea kuunganishwa katika Afrika, yaani Kenya na Nigeria. Watu wa Afrika ya Mashariki waliipenda upesi kwa sababu walikwisha kuijua ndugu yake mkubwa, Peugeot 404, ambayo ilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika miaka ya 1966 na 1967 aliyeiendesha ni Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania. Nayo 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Uswidi, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa. Motokaa iliyoweza kustahimili matope na mashimo ya Safari ilifaa sana kuwachukua baba, mama, watoto na magunia ya mahindi.

Sasa tuje kwenye kazi. Mtu akitaka kufufua motokaa ya zamani asianze na injini wala rangi, bali aanze na kutu. Injini mbovu yaweza kutengenezwa au kubadilishwa kwa siku chache, lakini bodi iliyoliwa na kutu ni kazi ya miezi na fedha nyingi. Tumejifunza katika Kemia ya kwamba chuma hushika kutu kikipata maji na hewa pamoja, na ya kwamba chumvi huharakisha jambo hilo. Ndiyo sababu motokaa iliyokaa Tanga au Mombasa karibu na bahari huoza mapema kuliko ile iliyokaa Dodoma kwenye ukavu.

Jambo hili ni kubwa zaidi kwa 504, kwa kuwa haina chasi iliyo mbali na bodi kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Basi kutu kwenye vizingiti vya milango haiharibu sura tu. Hupunguza nguvu ya motokaa nzima. Mkaguzi yampasa kuinua mazulia na kutazama sakafu, kutazama chini ya betri, ndani ya buti, kwenye vizingiti, na mahali shokomzoba za mbele zinaposhikana na bodi. Agonge polepole kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bati lililooza hutoa sauti ya kufa. Tena achukue sumaku ndogo na kuipitisha juu ya rangi. Sumaku isiponata, ajue kwamba chini ya rangi hapana bati, bali ni puti iliyopakwa kuficha tundu.

Kwa motokaa ya babu ukaguzi huo ndio uliokata shauri. Ilikuwa imelala bandani tangu mwaka 2012. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja akataka kuichukua kwa uzito wa kilo. Baba mdogo alisema iuzwe, kwa maana wadogo zetu wawili walikuwa wanaingia sekondari na fedha ilihitajiwa. Baba mkubwa alisema isiuzwe, kwa maana bei ya kilo ni ndogo, na baada ya kuliwa fedha hiyo familia itabaki bila fedha na bila motokaa. Wote wawili walisema kweli. Babu aliwasikiliza, kisha akaamua hivi: bodi ikaguliwe kwanza, vizingiti vikiwa vimeoza, iuzwe kesho yake, vikiwa vizima, itengenezwe kidogo kidogo kwa kadiri ya mavuno, na ada ya shule isiguswe hata senti moja. Kutu ilionekana mahali pawili tu, chini ya betri na katika sakafu ya buti. Basi kazi ikaanza.

Baada ya bodi hufuata injini. Hapa watu wengi wana haraka. Hutia betri mpya na kupiga stata siku ile ile. Hilo ni kosa. Petroli iliyokaa miaka huganda kama ulimbo na kuziba mabomba na kabureta, kwa hiyo hapana budi tangi limwagwe na kusafishwa. Plagi zitolewe, oili kidogo itiwe katika kila silinda, iachwe siku moja au mbili, kisha injini izungushwe kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi, oili yote ya zamani imwagwe, itiwe mpya pamoja na filta, na ndipo stata ipigwe. Mipira yote ya maji pia ibadilishwe, hata kama kwa nje yaonekana mizima.

Injini ya 504 ya lita mbili yafaa kuwa somo darasani. Kipenyo cha silinda ni milimita 88, na mwendo wa pistoni ni milimita 81. Mwanafunzi wa Hesabu achukue nusu ya kipenyo, yaani sentimeta 4.4, atafute eneo la duara, azidishe kwa 8.1, kisha azidishe kwa silinda 4. Atapata karibu sentimeta za ujazo 1,971, na ndiyo hesabu iliyoandikwa katika kitabu cha motokaa.

Silinda hizo ni slivu zinazoweza kutolewa, na maji ya kupoza injini huzigusa moja kwa moja kwa nje. Faida yake ni kwamba zikilika, fundi huzitoa na kuweka nyingine bila kuitupa bloki. Lakini kuna sharti moja. Silinda hedi ikifunguliwa, slivu hubaki bila kitu cha kuzikandamiza. Fundi akizungusha injini wakati huo bila kuzifunga kwa vibano, slivu zaweza kuinuka na kuharibu mahali panapozuia maji chini yake. Kisha maji huingia katika oili, na kazi nzima huanza upya. Basi anayempelekea fundi motokaa hii amwulize kwanza, kwa heshima, kama analijua jambo hilo.

Jambo jingine ni maji ya rejeta. Bloki ni ya chuma, bali silinda hedi ni ya aluminiamu. Metali mbili za namna mbalimbali zikiwa ndani ya maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kwa sababu hiyo haifai kujaza rejeta maji ya kisima tu. Yafaa kutia ile dawa ya rejeta inayozuia kutu, na kuibadilisha kwa muda uliowekwa na watengenezaji wake.

Sasa nafika kwenye breki, na hapa naomba msomaji asipite upesi. Motokaa isiyowaka haimwui mtu, lakini motokaa inayowaka na haisimami ni jeneza. Breki za mafuta hufuata kanuni ya Pascal tuliyojifunza katika Fizikia, ya kwamba mkandamizo unaotiwa katika kioevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Mguu hukanyaga pedeli, mafuta husukumwa, na pistoni za kwenye magurudumu hubana. Haya hutimia kwa kuwa kioevu hakishindiliki.

Lakini mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya namna ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yapite joto la digrii 230 za Selsiasi. Yakiisha kunyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi digrii 155. Fikirini basi motokaa iliyojaa watu inashuka mlima Kitonga, mkoani Iringa, na dereva amekanyaga breki kwa muda mrefu. Breki hupata moto, mafuta yenye maji huchemka, na mvuke hutokea ndani ya mabomba. Mvuke hushindilika. Dereva hukanyaga pedeli ikafika sakafuni, na motokaa haisimami. Katika motokaa iliyolala miaka mingi mafuta ni ya zamani, mipira imekauka, na pistoni zimeshika kutu. Kwa hiyo mipira yote, mabomba laini na mafuta yote hubadilishwa bila kubakiza, na pistoni zilizoshika kutu hubadilishwa pia. Wala mtu asithubutu kutia oili ya injini mahali pa mafuta ya breki, kwa maana huvimbisha mipira na kuiharibu.

Matairi nayo yana umri. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne. Kwa mfano 2319 maana yake lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na huku mpira wake umezeeka na kupasuka. Nyaya za umeme pia zikaguliwe moja moja, kwa maana panya hupenda kuguguna plastiki yake, na waya uliobaki uchi waweza kuwasha moto.

Kabla ya kununua spea, mtu asome kibati cha namba kilichomo chini ya boneti. 504 si zote sawa. Nyingine magurudumu ya nyuma hujitegemea kila moja, na nyingine zina akseli nzima. Anayekwenda dukani na kusema tu kwamba anataka spea ya 504 aweza kurudi na kitu kisichoingia.

Mwisho huja rangi na mapambo. Kutu hukatwa mpaka kwenye bati zima, kipande kipya huchomelewa, husuguliwa kwa msasa, hupakwa praima, kisha rangi. Anayesugua afunge kitambaa chema au barakoa puani, maana vumbi la rangi ya zamani ni sumu. Babu alitaka rangi ile ile nyeupe iliyokuwapo, na aliipata.

Je, yafaa kubadili kitu chochote? Katika hili vijana na wazee hawapatani. Mimi naona kwamba lipo badiliko linaloisaidia motokaa na lipo linaloiharibu, na njia ya kupambanua ni kuuliza: Je, litaongeza usalama au kupunguza taabu? Na je, laweza kuondolewa kesho bila kuacha jeraha? Mikanda ya usalama ya viti vya nyuma ni badiliko jema, mradi ifungwe kwenye chuma kinene na si kwenye bati tupu. Rilei za taa kubwa ni jema, kwa kuwa umeme hufika kwenye taa bila kupita safari ndefu ya swichi ya zamani, na mwanga huongezeka. Mfumo wa elektroniki mahali pa pointi za distribyuta hupunguza kazi ya kurekebisha kila mara. Pointi za zamani ziwekwe katika kopo, huenda zikahitajiwa safarini. Tundu la kuchajia simu laweza kufichwa ndani ya kisanduku cha mbele.

Lakini kukata springi ili motokaa ikae chini ni upumbavu katika barabara zetu, kwani 504 ilisifiwa kwa springi zake laini zenye mwendo mrefu. Binamu yangu alitaka vioo vyeusi na ekzosi ya kupiga kelele. Babu alimjibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na maneno yakaisha.

Kazi yote ilichukua mwaka mmoja na miezi minne, kwa sababu ilisimama kila ilipofika siku ya kulipa ada. Wadogo zetu wako shuleni, na babu huenda kliniki kwa motokaa yake mwenyewe.

Basi ninyi wenzangu mnaosoma Fizikia na Kemia na kuuliza ya kazi gani, nendeni wakati wa likizo mkasimame karibu na fundi mwema na kumshikia spana. Mtamwona Pascal ndani ya breki, na kutu ya maabara ndani ya kizingiti cha mlango. Nanyi wazazi wetu wenye motokaa chini ya mwembe, ikaguliwe kabla ya kumwita mwenye mizani. Tena ikaguliwe mapema, kwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwanafunzi, Kidato cha IV